Bampa likipasuka Songea: Soma maandishi ya nyuma kabla ya kununua gundi

BAMPA la mbele likipasuka katika gari linalotembea Songea, mwenye gari huwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuagiza jingine kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, lije kwa basi, na mara nyingi liwe la mtumba na la rangi nyingine. Ya pili ni kutembea nalo hivyo hivyo hadi upepo wa barabara ya Njombe ulimalizie kazi. Ya tatu, ambayo ndiyo huchaguliwa na wengi, ni kuliunga kwa gundi.

Njia hiyo ya tatu si mbaya hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba gundi huchaguliwa kwa sifa ya nguvu zake dukani, au kwa ushuhuda wa jirani aliyeunga kiatu, na si kwa kuangalia kipande kinachoungwa. Baada ya wiki mbili ufa hurudi pale pale. Fundi hulaumiwa, gundi huitwa bandia, na mwenye gari hununua nyingine iliyo ghali zaidi ili nayo ibanduke. Wakati huohuo gundi ileile iliyoshindwa kwenye bampa ingeweza kushika vizuri shoo ya gari hilohilo, kwa sababu vipande hivyo viwili, japo vimekaa pamoja na kupakwa rangi moja, ni plastiki mbili tofauti.

Kwa bampa, hasara ya kukosea ni fedha kidogo na aibu kidogo. Lakini magari haya yana vipande vingine vya plastiki vinavyoshika maji ya moto, mafuta ya breki na petroli. Huko kosa la gundi linaweza kuondoka na injini, au na watu.

Chuma kilipoondoka

Land Rover na Peugeot 504 zilizotamba katika barabara za kusini miaka ya 1970 zilikuwa na mabampa ya chuma. Yakikunjwa yaligongwa kwa nyundo, yakikatika yalichomelewa, na fundi mwenye mashine ya kuchomelea hakuwa na haja ya kujua kemia. Huko Ulaya mambo yalikwisha kuanza kubadilika: gari la Kifaransa la Renault 5, lililotoka mwaka 1972, lilikuwa na mabampa ya plastiki, na watengenezaji wengine wakafuata kwa sababu ya uzito na gharama.

Plastiki iliyokuja kushinda nyingine zote katika mabampa inaitwa polipropilini. Mtaliano Giulio Natta aliipata katika maabara yake mjini Milano mwaka 1954, akijenga juu ya kazi ya Mjerumani Karl Ziegler, na mwaka 1963 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka 1991 kampuni ya Toyota ilianza kutumia aina yake ya jamii hiyo, iliyopewa jina la TSOP, kwa mabampa na vipande vya ndani ya gari. Kwa mji ambao Noah, Probox, IST na Corolla za mtumba kutoka Japani zimejaa mitaani, habari hiyo ina maana ya moja kwa moja: mabampa mengi yanayofikishwa katika gereji za Songea ni polipropilini iliyochanganywa na mpira.

Watengenezaji waliipenda kwa kuwa ni nyepesi, hupinda bila kuvunjika upesi, na haidhuriwi upesi na mafuta wala maji ya betri. Hapo ndipo penye fumbo la gundi. Plastiki inayokataa kuguswa na maji ya betri hukataa pia kuguswa na gundi. Tone la maji likidondoshwa juu ya polipropilini safi hujikusanya na kusimama kama shanga, mfano wa maji juu ya jani la gimbi. Gundi nyingi hufanya vivyo hivyo: hukaa juu ya uso bila kuulowesha, hukauka, na huonekana kama imeshika, lakini ukiingiza ukucha pembeni hunyanyuka ikiwa kipande kizima kama gamba. Fundi anayeona gamba la namna hiyo hapaswi kuilaumu gundi. Imekauka sawasawa, ila haikupata pa kushika.

Alama baina ya mishale

Kwa bahati njema, watengenezaji huandika jina la plastiki kwenye kipande chenyewe. Alama hizo zimewekwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 11469, nazo huwa upande wa nyuma usioonekana, zikiwa zimeumuliwa katika plastiki na kuzungushiwa mishale miwili midogo, mfano >PP<. Bampa likishafunguliwa na kuoshwa matope ya ndani, kuitafuta alama hiyo huchukua dakika moja.

Herufi PP ni polipropilini. Zikifuatwa na EPDM au E/P maana yake imechanganywa na mpira, na hilo ndilo bampa la kawaida. TD20 ni unga wa talki, kwa kiasi cha asilimia 20, uliotiwa ili kuifanya iwe ngumu. PE ni polithini, jamii ya madumu ya maji, inayotumika katika matangi na baadhi ya vikinga matope ndani ya madigadi. ABS ni plastiki ngumu yenye kukubali rangi na kromu. Shoo, makava ya saiti mira na vipande vingi vya urembo hutengenezwa kwa hiyo. PC ni polikaboneti, kioo cha taa za mbele za magari ya kisasa. PMMA ni akriliki, kioo chekundu na cha njano cha taa za nyuma. PA66-GF30 ni nailoni yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo. Hiyo hupatikana chini ya boneti, hasa katika vichwa vya rejeta. Bodaboda na bajaji nazo zina alama zake, na makava ya pembeni ya pikipiki huwa ya ABS au PP, kwa hiyo hayafai kukisiwa kwa macho.

Alama ikiwa imefutika, kipande chembamba hukatwa kwa wembe sehemu isiyoonekana na kutumbukizwa katika bakuli la maji yenye tone la sabuni, ili mapovu yasikibebe. Polipropilini na polithini huelea. ABS, nailoni, akriliki na polikaboneti huzama. Kipimo hiki kina hila moja ambayo imewapotosha wengi: polipropilini yenye talki ya asilimia 20 au zaidi huwa nzito kuliko maji na huzama kama ABS. Hivyo kinachoelea kina jibu la uhakika, lakini kinachozama bado kinahitaji kuulizwa swali la pili.

Swali hilo la pili huulizwa kwa grenda au kwa asetoni. Diski ya msasa ikipitishwa kwa mwendo juu ya polipropilini, plastiki huyeyuka na kujivuta kama nta. ABS hutoa vumbi. Na tone la asetoni likiachwa kwa nusu dakika juu ya ABS huufanya uso unate na kushika alama ya kidole, ilhali polipropilini haitaonyesha dalili yoyote. Wapo wanaochoma kipande kwa kiberiti na kunusa moshi. Ni kweli kwamba polipropilini inanuka kama mshumaa uliozimwa na nailoni kama nywele zilizoungua, lakini moshi wa plastiki ni sumu, na hakuna sababu ya kuuvuta wakati bakuli la maji lipo.

Supagluu na sifa zake

Gundi inayopatikana katika kila duka, kuanzia Soko Kuu hadi Bombambili na Lizaboni, ni supagluu. Iligunduliwa kwa bahati mbaya mwaka 1942, pale mkemia wa Marekani Harry Coover alipokuwa akitafuta plastiki safi ya kutengenezea vyombo vya kulengea shabaha vya bunduki. Dawa aliyoipata ilinata kila ilipogusa, akaitupilia mbali. Mwaka 1951 yeye na wenzake katika kampuni ya Eastman Kodak waliirudia na kutambua thamani yake, na mwaka 1958 ikaingia sokoni.

Supagluu huganda kwa kukutana na unyevu ulio hewani na juu ya vitu. Ndiyo maana katika kiangazi cha Songea, hewa inapokuwa kavu, huchelewa kidogo kuliko wakati wa masika. Hushika sana pale nyuso mbili zinapokutana bila nafasi na kuvutwa moja kwa moja. Udhaifu wake ni mitikisiko, mipindo na joto. Ikishakauka ni kama kioo, na ikifika karibu na nyuzijoto 80 huanza kupoteza nguvu. Dashibodi ya gari lililoachwa juani mchana inaweza kukaribia joto hilo.

Kutokana na sifa hizo, supagluu inafaa kwa sikio lililokatika la kava la ABS, kwa kipande cha shoo kilichovunjika kikaacha sura safi, na kwa kushikilia ufa ukae mahali pake wakati kazi ya kudumu ikifanyika upande wa nyuma. Haifai kabisa kuwa kiungo pekee cha bampa. Pia haifai karibu na kioo cha taa, kwani mvuke wake huacha ukungu mweupe ambao hautoki kwa kufuta.

Mafundi wengi huinyunyizia unga wa soda ya kuokea, ikaganda papo hapo na kuwa ngumu kama jiwe. Soda ina nyongo, na nyongo huharakisha kuganda kwa gundi hiyo. Hivyo ujanja huo una msingi katika kemia na si wa kudharauliwa. Katika ABS ngumu hujaza pengo vizuri. Katika bampa, jiwe lililopandikizwa ndani ya kitu kinachopinda huwa chanzo cha ufa mpya, na ufa huo hutokea pembeni mwa jiwe. Tahadhari moja isisahaulike: supagluu isipanguswe kwa pamba. Inapokutana na nyuzi za pamba huganda kwa kasi na kutoa joto linaloweza kuunguza vidole.

Ipo aina ya supagluu inayouzwa ikiwa na mwenzake, kalamu au kichupa cha dawa ya kuandaa uso. Dawa hiyo hupakwa juu ya polipropilini au polithini, huachwa ikauke, ndipo gundi hutiwa. Bila dawa, supagluu hubanduka katika plastiki hizo. Ikiwepo, hushika kiasi cha kushangaza kwa vipande vidogo vigumu, ingawa udhaifu wa kupinda hubaki palepale.

Tyubu mbili

Epoksi ya tyubu mbili, ambayo Watanzania wengi huijua kwa jina la Araldite, ni gundi ya subira. Hujaza mapengo, huhimili maji na mafuta, na hushika ABS, nailoni, akriliki na faiba iwapo uso umekwanguliwa. Iliyoandikwa dakika tano huanza kuganda ndani ya muda huo, lakini nguvu yake kamili huja baada ya saa nyingi. Ile ya kawaida huhitaji saa 24. Aina inayokauka polepole kwa kawaida huwa na nguvu zaidi, jambo ambalo mwenye haraka hapendi kulisikia. Katika bampa la polipropilini, epoksi peke yake hubanduka kama gamba lililoelezwa hapo juu, hata ingekuwa ya bei gani.

Kanuni ya kuchanganya ni kufuata kipimo cha mtengenezaji. Kuongeza kigandishi ili ikauke haraka ni kosa lililozoeleka. Ziada ya kigandishi haina cha kuungana nacho, hivyo kiungo hubaki laini daima.

Gundi za poliyurethini za sehemu mbili ndizo hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya mabampa, kwa kuwa zikikauka hubaki zikinyumbulika. Hata hizo zinataka polipropilini ipakwe kwanza dawa ya kuandaa uso, na huuzwa zaidi katika maduka makubwa ya vifaa vya rangi za magari. Zipo pia gundi za akriliki za sehemu mbili, mfano 3M DP8005, ambazo zimetungwa kushika polipropilini na polithini bila dawa nyingine. Bei yake ni ya juu, na bomba lake huhitaji bunduki maalumu. Kwa gereji inayopokea mabampa kila wiki huenda ikalipa, kwa mwenye gari mmoja si rahisi.

ABS ina bahati ambayo plastiki nyingine hazina. Chembe zilizokwanguliwa kutoka kipande kibovu cha ABS zikitiwa katika chupa ya kioo yenye asetoni na kuachwa usiku kucha huwa uji mzito. Uji huo ukipakwa katika ufa, asetoni huyeyusha kingo zote mbili, kisha huruka hewani, na kinachobaki ni ABS iliyoungana na ABS. Hiyo ni gundi bora kuliko ya dukani, na gharama yake ni ndogo mno. Asetoni hiyohiyo isikaribie taa: polikaboneti na akriliki zikiguswa nayo huchanua nyufa ndogondogo kama utando wa buibui.

Gundi ya viatu na ile ya mabomba ya maji hazina nafasi hapa. Silikoni ni ya kuzibia maji tu, wala si ya kubeba mzigo. Na katika taa ichaguliwe isiyonuka siki, kwa kuwa ile yenye harufu hiyo hula utando unaong'aa ndani ya taa.

Uzi na moto

Wapo wanaocheka wakiona bampa lililoshonwa kwa waya mwembamba, likiwa na mishono mfano wa kidonda. Wanaocheka wamekosea. Polipropilini haikubali gundi lakini inakubali tundu, na waya uliopita katika tundu hubeba mzigo bila kujali kemia ya uso. Bampa lililoshonwa vizuri hudumu miaka mahali ambapo lililopakwa epoksi limedumu wiki. Kilichobaki ni suala la sura tu.

Njia iliyo bora zaidi kwa PP ni moto. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzijoto 160, na ikiyeyushwa pande zote mbili za ufa huungana na kuwa kitu kimoja. Fundi hukata vijiti kutoka bampa bovu lenye alama ileile, kwani PP haiungani na ABS, kisha huvitumia kama fimbo ya kuchomelea, akitumia chuma cha umeme cha kuchomea risasi au mashine ya hewa ya moto. Kwanza hutoboa tundu dogo la milimita tatu pale ufa unapoishia, ili usiendelee mbele. Halafu huchonga mfereji wa umbo la V kufuata ufa upande wa nyuma, huujaza kwa plastiki iliyoyeyushwa, na huzamisha ndani yake wavu mwembamba wa chuma. Mwishoni hugeuza bampa na kufanya upande wa mbele kwa kina kifupi. Kasoro ya kawaida ni kuupaka uso tu plastiki iliyoyeyuka bila kuyeyusha kingo. Kazi hiyo hupendeza machoni, na ikipindwa hufunguka. Kazi hii ifanyiwe mahali penye hewa, na kamwe isifanywe bampa likiwa karibu na betri inayochajiwa au chombo cha petroli.

Baadhi ya mafundi hupitisha mwali wa buluu wa gesi juu ya polipropilini, mara moja na kwa haraka, kabla ya kupaka gundi au rangi. Nao hawabahatishi. Mwali huo huunguza ngozi ya juu kabisa ya plastiki na kuifanya ikubali kuloweshwa. Kipimo cha kuwa kazi imekubali ni maji yaleyale: tone likitandazika badala ya kujikusanya, uso uko tayari, na gundi itiwe bila kuchelewa.

Kuosha kabla ya kukwangua

Kiungo chochote kinategemea usafi. Bampa huoshwa kwa maji na sabuni kwanza, ndipo hukwanguliwa kwa msasa. Kukwangua kabla ya kuosha husukuma uchafu ndani ya mikwaruzo. Baada ya msasa hufutwa kwa spiriti na kitambaa safi. Petroli haifai, kwa kuwa huacha mabaki ya mafuta. Adui mkubwa zaidi ni vipolishi vya kung'arisha dashibodi na matairi. Vingi vina silikoni, na palipopita silikoni gundi haishiki wala rangi haikai.

Baridi ya Songea ya mwezi Juni na Julai nayo ina neno. Kwa makadirio ya jumla, kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10 muda wa kuganda kwa epoksi huongezeka maradufu. Kazi iliyofanywa jioni katika banda lililo wazi inaweza kuwa bado laini asubuhi, na gari likatolewa kuelekea Mbinga au Tunduru kwa kuwa saa 24 zimetimia. Wakati huo ni vema kazi ianze asubuhi ili ipate jua la mchana, au iongezewe siku.

Visivyoungwa

Kibweta cha mafuta ya breki kilichopasuka hubadilishwa. Mafuta ya breki hulainisha gundi nyingi, na kinachopotea yakivuja ni breki zenyewe. Tangi la petroli la plastiki nalo haliungwi kwa gundi ya dukani wala halisogezwi karibu na moto hata likiwa tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Mkanda wa usalama, vifuniko vya mifuko ya hewa kwenye usukani na dashibodi, na vishikizo vyake, navyo havina gundi inayofaa: kifuniko kimetengenezwa kipasuke mahali maalumu, na gundi hubadilisha mahali hapo.

Rejeta ndiyo inayowaponza wengi. Kichwa chake cha juu katika magari mengi ni nailoni yenye nyuzi za kioo, na nailoni hushikwa vizuri na epoksi. Kwa hiyo kazi hufanyika, hukauka, hutiwa maji, gari huwashwa na kuzungushwa mjini bila tone kudondoka. Mwenye gari huridhika. Lakini kifuniko cha rejeta kina namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, nayo ni shinikizo ambalo mfumo huruhusiwa kufikia kabla kifuniko hakijafunguka, kwa kilo katika kila sentimita ya mraba. Kichwa chenye eneo la ndani la sentimita 200 za mraba, kwa hiyo, husukumwa kwa nguvu ya kilo 200 hivi, huku maji yakiwa na joto la nyuzi 90 hadi 110, ambalo epoksi nyingi za kawaida hulainika kabla ya kulifikia. Mzunguko wa mjini haufiki huko. Mlima wa Lukumburu, gari likiwa na abiria saba na mizigo, unafika.

Kinachofuata hutokea kwa dakika chache. Ufa hufunguka, maji hutoka yote, na sindano ya joto, badala ya kupanda, inaweza kushuka, kwa kuwa kipimo chake hakiguswi tena na maji. Dereva anayeitazama huona salama. Silinda hedi hupinda, gasketi huungua, na gharama iliyokuwa ya rejeta huwa ya injini, mbali na gereji yoyote.

Epoksi juu ya rejeta ina matumizi halali mamoja, nayo ni kufika gereji iliyo karibu. Katika hali hiyo injini huachwa ipoe kabisa ndipo kifuniko kifunguliwe, ufa hukaushwa na kupakwa, na gundi huachwa igande kwa muda ulioandikwa. Baada ya hapo kifuniko hurudishwa kikiwa kimelegezwa hadi kituo cha kwanza, ili shinikizo lisijengeke. Gari huendeshwa polepole, dumu la maji likiwa ndani, na injini huzimwa kila baada ya kilomita chache ili maji yaangaliwe ikishapoa. Gereji ikifikiwa, fundi wa rejeta anaweza kukunjua meno ya aluminiamu na kuweka kichwa kipya pamoja na mpira wake, bila kununua rejeta nzima, iwapo chujio la katikati bado ni zima na kichwa cha aina hiyo kimepatikana. Epoksi iliyopakwa njiani isikaribie meno hayo; ikigandia hapo, hukatika wakati wa kukunjuliwa, na rejeta nzima hulazimika kununuliwa.